Gari la umeme kwa safari ndefu na barabara ya vumbi: hesabu zinakubali?

Mwenda_Pole aliuliza:

Wakuu, naomba jambo hili tulichambue kwa namba, ushabiki wa petroli dhidi ya umeme tuuache kwa leo.

Safari yenyewe ni kilomita 420 za lami, kisha kilomita 60 za udongo na changarawe. Kipande hicho cha mwisho kina mashimo, kivuko kimoja cha maji mvua zikinyesha, na mwinuko wa jumla wa mita 800 hivi. Mwisho wa njia kuna umeme wa fezi moja, ila mita iko umbali wa mita 50 kutoka pa kuegesha. Chaja za haraka njiani ni mbili tu, kila moja ya kilowati 50 yenye kebo moja ya CCS2 (aina ya plagi ya kuchaji haraka). Ya kwanza, tuiite A, iko kilomita 250 kutoka mwanzo, na ya pili, B, iko kilomita 310.

Huko mwisho gari litazunguka kama kilomita 40 kwa siku kwenye njia za vumbi, siku tatu au nne, kisha kurudi. Ni watu wanne na mizigo yao. Gari linalofikiriwa lina betri ya uniti 60 (kilowati-saa) zinazotumika, na kitabu chake kinasema kilomita 430 kwa kipimo cha WLTP.

Je, safari hii inawezekana bila roho kuwa juu? Na kipi kitaharibika kwanza kwenye hizo kilomita 60?

Hesabu_Kwanza alijibu:

Mkuu, hiyo 430 iweke kando kabisa. WLTP hupimwa maabara, gari likizunguka juu ya magurudumu ya mashine, joto nyuzi 23, na wastani wa mwendo ni kilomita 46 na ushei kwa saa. Hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna abiria watatu na magunia. Inafaa kulinganisha gari na gari, haifai kupangia safari.

Tuanze na lami. Chukua gari la tani 2. Msuguano wa matairi kwenye lami nzuri ni kama asilimia 1 ya uzito, na hiyo inakula uniti 5.5 kwa kila kilomita 100, uende pole au mbio. Kinachobadilika ni upepo. Nguvu ya kusukuma hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa kilomita 90 kwa saa hewa inakula uniti 6.8 kwa kilomita 100, kwa 110 inafika 10, kwa 130 inapita 14. Jumlisha, kisha gawanya kwa 0.9 kwa sababu mota, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa mota) na gia hupoteza kama asilimia 10. Ongeza kilowati moja ya kiyoyozi na robo hivi ya kompyuta na taa, halafu weka asilimia 10 ya mzigo na lami isiyo kamilifu. Unapata hivi kwa kilomita 100:

kwa mwendo wa 90: uniti 16.5
kwa 110: uniti 20
kwa 130: uniti 25

Kwa hiyo betri ile ile ya uniti 60 ni kilomita 360 kwa mwendo wa 90, ni 300 kwa 110, ni 240 kwa 130. Hapo hatujagusa upepo wa usoni. Ukiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa unaokupiga usoni nawe unakwenda 110, hewa inaliona gari kama linakwenda 140, na uniti 7 zaidi zinaondoka kwa kila kilomita 100. Watu huja kulalamika kwamba betri imekufa kumbe ni upepo. Kreti au sanduku juu ya paa ni adui wa aina hiyo hiyo, na trela refu linaweza kukata umbali kwa nusu. Mizigo yako ingie ndani ya gari.

Sasa kilomita 60 za vumbi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani barabara mbovu ndiyo itakayowamaliza. Msuguano wa changarawe ni mara mbili ya lami na zaidi, kweli, lakini unakwenda 40 au 50 kwa saa na hewa haikudai kitu cha maana. Ukijumlisha yote unapata kama uniti 20 kwa kilomita 100, sawa na lami kwa 110. Kipande chako ni uniti 12. Mlima nao una bei yake isiyoepukika: tani 2 kupanda mita 800 ni uniti 4.4, na kwa hasara ya mota zinakuwa 5. Jumla 17. Mchanga mzito ni habari nyingine, msuguano wake hufika asilimia 10 ya uzito na kuzidi, maana yake zaidi ya uniti 50 kwa kilomita 100, lakini hukutaja mchanga.

Mpango wa kwenda ni huu. Ondoka ukiwa na asilimia 100. Kwa 110 unafika A umetumia uniti 50, umebakiwa na 10. Hapo chaji hadi uniti 48, yaani asilimia 80. Ni uniti 38, na chaja ya kilowati 50 kwa kawaida inaingiza 45 hivi, kwa hiyo dakika 50. Kisha nenda B, kilomita 60 mbele, utafika na 36. Ongeza hadi 51, asilimia 85, kama dakika 20 hadi 25. Kutoka B kuna kilomita 110 za lami, uniti 22, na 17 za vumbi. Utafika na uniti 12.

Utauliza, kwa nini usimame mara mbili wakati A peke yake ingetosha? Kwa sababu A ni bima ya B. Ukitoka A na uniti 48 na ukakuta B imekufa, unashusha mwendo hadi 90: kilomita 170 za lami ni uniti 28, vumbi 17, jumla 45. Unafika, kwa kubana, lakini unafika. Ukiiruka A kwa tamaa ya kusimama mara moja, unakwenda 90 mwanzo hadi mwisho, unafika B na uniti 9, na kama B haifanyi kazi huna pa kwenda, maana A iko kilomita 60 nyuma na uniti 9 hazikurudishi. Chaja moja yenye kebo moja usiipe dhamana ya safari nzima, hata kama jana ilikuwa nzima.

Usikae kwenye chaja ya haraka kusubiri 100. Baada ya asilimia 80 betri yenyewe hupunguza mkondo ili seli zisizidishwe volti, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda sawa na 50 za mwanzo.

Bado_Dizeli alijibu:

Maelezo yote hayo kwa kilomita 480? Gari la dizeli linakwenda na kurudi na dumu la lita 20 nyuma, halihitaji bima ya chaja.

Hesabu_Kwanza alijibu:

@Bado_Dizeli, hoja ya dumu ni ya kweli na ndiyo hoja yenu nzito kuliko zote. Lita moja ya dizeli ina kama uniti 10 za joto. Hata injini ikitumia theluthi tu na nyingine ikatoka kama moto, dumu lako lina kazi ya uniti 65 ndani ya kilo 17 hivi. Betri ya uniti 60 ina uzito wa kilo 350 hadi 450 na haibebwi begani. Ndiyo maana kwa mtu anayeingia porini kilomita 300 bila nguzo ya umeme, jibu langu ni dizeli, au haibridi. Lakini huyu ana umeme mwisho wa njia, na siku zake tatu za kule ni kilomita 40 kwa siku. Hapo gari la umeme liko nyumbani kwake: analala, linajaa.

Tumbo_la_Gari alijibu:

Nami nijibu swali la pili, kipi kitaharibika kwanza.

Si betri. Kwa kawaida ni tairi, na inayofuata ni plastiki ya chini.

Tairi: magari mengi ya umeme hutoka kiwandani na rimu za inchi 19 au 20 na tairi lenye ukuta mfupi. Kwenye shimo lenye ukingo wa jiwe, ukuta mfupi hubanwa kati ya rimu na jiwe na kukatika pembeni. Halafu unafungua buti unakuta hakuna spea, kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi ile huziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Mkato wa ubavuni haizibi, hata umwage chupa tatu. Fanya hivi: tafuta rimu ndogo kabisa inayopita juu ya breki, mara nyingi 17 au 18, weka tairi lenye ukuta mrefu zaidi huku kipenyo cha nje kisipishane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3. Kisha angalia namba ya uzito kwenye tairi. 98 maana yake kilo 750 kwa tairi, 100 ni 800, 103 ni 875. Gari la umeme ni zito, usishuke chini ya namba ya kiwandani hata muuzaji akikuapia. Na ununue spea kamili, hata ikikaa ndani ya buti na kula nafasi ya mizigo.

Jeki: iweke kwenye sehemu maalumu tu pembeni, zile zenye tundu au raba. Ndani kidogo ya hapo ni sanduku la betri. Jeki ya kawaida ikisukuma sahani ya chini inaweza kubonyeza sanduku, na hiyo si kazi ya kunyoosha kwa nyundo. Beba kipande cha ubao mnene, kwenye udongo laini jeki huzama.

Sasa tumbo lenyewe. Gari la kawaida la umeme lina nafasi ya milimita 140 hadi 165 kutoka ardhini, na ukipakia watu wanne springi zinashuka milimita 20 hadi 40. Barabara yenye mifereji miwili ya magurudumu na mgongo katikati ndiyo hatari zaidi kuliko shimo. Usifuate mifereji. Panda mgongo kwa magurudumu ya upande mmoja na ukingo kwa upande wa pili, gari likae juu. Faida moja ndogo ni kwamba hakuna ekzosi ya moto, kwa hiyo majani makavu yanayokwaruza chini hayashiki moto kwa sababu yako.

Ukifunga sahani ya kinga, alumini ya milimita 4 hadi 6 au chuma cha 3, ishike kwenye fremu na kingo za bodi. Usitoboe sanduku la betri, wala usitumie bolti zake kubebea kinga. Acha matundu ya kutolea maji na tope, na uifungue kila baada ya msimu wa mvua. Mawe madogo yakinaswa kati ya kinga na sanduku husaga rangi ya alumini hadi kutu nyeupe itokee.

Ukigonga jiwe kwa nguvu, simama na uangalie mambo matatu: maji ya kupozea yanavuja? Dashibodi inaonya kuhusu insulesheni ya umeme mkubwa? Kuna harufu tamu au ya kemikali? Likiwapo hata moja, usilichaji gari, na uliegeshe nje mbali na nyumba na magari mengine hadi fundi wa umeme mkubwa alione. Mkwaruzo mtupu wa plastiki hauna neno.

Kivuko: sanduku la betri kwa kawaida limezibwa kwa kiwango cha IP67, yaani kuzama mita moja kwa dakika 30 likiwa jipya. Usilifanye gari mtumbwi kwa sababu hiyo. Raba huzeeka, na gari si betri peke yake. Fuata kina kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kama hakijaandikwa, usizidi nusu ya gurudumu. Kabla ya kuingia kwenye maji pumzika dakika kumi. Gia ya mota ikiwa ya moto na ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Miezi baadaye unakuta mafuta ya gia yamegeuka rangi ya maziwa. Ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ukitoka kanyaga breki mara kadhaa zikauke.

Kuhusu breki: kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo muda mwingi, diski za nyuma hushika kutu na tope hukauka juu yake. Mara moja kwa wiki, sehemu tupu, weka N na usimamishe gari kwa breki ya mguu kabisa, mara nne au tano.

Mwenda_Pole aliuliza:

Asanteni sana. @Tumbo_la_Gari, likikwama au likizima kabisa kwenye hizo 60, linavutwa kwa kamba kama kawaida?

Tumbo_la_Gari alijibu:

Hapana. Magurudumu yaliyounganishwa na mota yakizunguka, mota inazalisha umeme, na huna uhakika inveta iko katika hali gani. Kuvuta mita chache kutoka kwenye tope kwa mwendo wa kutembea, gari likiwa limewaka na liko N, vitabu vingi vinaruhusu. Kuvuta kilomita ni kazi ya lori la kubebea, magurudumu yote manne yakiwa juu. Na kile kipete cha kuvutia huwa kimehifadhiwa kwenye buti, kifunge kabla ya kuingia topeni, si baada ya bampa kuzama.

Kukwama kwenyewe: mota ina nguvu yote tangu sifuri, ukikanyaga tu tairi zinachimba. Tumia hali ya theluji kama ipo, shusha upepo wa matairi hadi bar 1.5 hivi, na beba pampu ya kujazia ukitoka.

Kuzima kabisa mara nyingi si betri kubwa. Ni betri ndogo ya volti 12. Ikifa, swichi kubwa za ndani haziunganishi betri kubwa na gari, na gari lenye asilimia 70 linakuwa sanamu: haliwaki, halichaji, mara nyingine hata buti halifunguki. Beba kifaa cha kuwashia cha volti 12 na ujue mapema vituo vyake vya kuunganishia waya viko wapi, maana kwenye magari mengine viko chini ya kifuniko cha mbele ambacho nacho hufunguliwa kwa umeme. Betri hiyo ikifika miaka minne ibadilishe bila kusubiri dalili.

Waya_Kumi alijibu:

Hakuna aliyegusa umeme wa kule mwisho, na safari inaishia pale.

Soketi ya kawaida: ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Saa 12 za usiku ni uniti 27.6 kwenye mita, lakini zinazoingia betrini ni 23 au 24, kwa sababu gari lenyewe likichaji linawasha kompyuta na pampu zinazokula wati 200 hadi 300 muda wote. Ndiyo maana kuchaji polepole mno kuna hasara kubwa kuliko kuchaji kwa ampea nyingi. Kwa kilomita zako 40 za vumbi kwa siku unahitaji uniti 8. Soketi inakutosha, na umefika na 12, kwa hiyo usiku wa pili au wa tatu unakuwa umejaa.

Tatizo ni soketi yenyewe. Haikutengenezwa kubeba ampea 10 saa 12 mfululizo. Skrubu ikilegea kidogo, hapo ndipo joto linapozaliwa. Weka soketi mpya nzito, laini yake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, waya wa 2.5 mm², na uishike kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, acha. Usitumie kebo ya kuongezea iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake, itayeyuka ndani kwa ndani.

Ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32, yaani kilowati 7.4, hesabu umbali wako wa mita 50. Waya wa shaba wa 6 mm² kwa mita 50 kwenda na 50 kurudi hupoteza volti 10 kwa mkondo huo, zaidi ya asilimia 4, wati 300 zinapasha ardhi moto bure. Wa 10 mm² hupoteza volti 6. Weka 10. Sakiti breka ya 40, na RCD (kinga inayokata umeme ukivuja) ya aina ya B, au ya aina ya A kama chaja yako ina kinga yake ya mvujo wa DC wa miliampea 6. Fimbo ya ethi ipimwe, isipigwe tu kwenye udongo mkavu ukasema tayari.

Laini za vijijini huwa ndefu, na jioni watu wakiwasha vitu volti zinashuka. Zikishuka sana chaja ya ndani ya gari inakata na kujaribu tena usiku kucha, asubuhi unakuta asilimia 3 tu zimeongezeka. Dawa yake: nenda kwenye menyu ya gari, shusha ampea kutoka 10 hadi 8 au 6, na panga muda uanze saa tano usiku. Sita ndiyo ya chini kabisa, mfumo wa AC (kuchaji kwa umeme wa kawaida wa nyumbani) haukubali chini ya hapo, kwa hiyo jua kwamba kilowati 1.4 ndiyo sakafu.

Mwenda_Pole aliuliza:

@Waya_Kumi, na umeme ukikatika siku mbili? Jenereta au sola?

Waya_Kumi alijibu:

Jenereta ndogo ya petroli hutoa uniti 2 hivi kwa lita. Ukitoa hasara ya kuchaji zinabaki 1.7, ambazo ni kilomita 9 au 10. Gari la petroli lenyewe lingekwenda mbali zaidi kwa lita hiyo. Ni ya dharura tu. Tena wengi hukwama hapa: chaja inawaka taa nyekundu na kukataa. Sababu ni kwamba jenereta nyingi ndogo hazina nyutro iliyofungwa kwenye ethi, na chaja ikikagua ethi haioni kitu. Fundi umeme anaweza kufunga nyutro na ethi kwenye jenereta na kuchimbia fimbo. Usikubali anayekuambia uidanganye chaja kwa kuondoa ukaguzi, bodi ya gari ni chuma na unaigusa ukiwa pekupeku.

Sola ni bora ukiwa na subira. Paneli za kilowati 3 mahali penye jua zuri hutoa uniti 12 hivi kwa siku, na kilomita zako 40 zinahitaji 8, au 9.5 ukihesabu hasara. Ila gari liwe limeegeshwa mchana. Likiwa mizungukoni saa sita na kurudi jioni, itabidi ununue betri nyingine ya ukutani, na hesabu inaharibika.

Mtumba_Safi alijibu:

Niongeze kwa wanaosoma huku wakiwaza gari la mkononi, maana mpango wa @Hesabu_Kwanza unadai betri yenye afya na inayopozwa kwa maji.

Nissan Leaf ya vizazi viwili vya kwanza ni gari zuri kwa mizunguko ya kule mwisho, lakini betri yake haina kupozwa kwa maji. Ukichaji haraka, ukakimbia lami, ukachaji haraka tena, joto linapanda na gari linajipunguzia mkondo, chaji ya pili ikachukua muda mrefu maradufu. Plagi yake ya haraka ni CHAdeMO, si CCS2, na iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina tundu la AC la Aina ya 1, nyingi zikichaji kwa kilowati 3 au 6 tu. Magari ya soko la China yana plagi ya GB/T. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, fungua kifuniko cha kuchajia.

Vimistari vya afya kwenye Leaf ni 12. Cha kwanza huondoka uwezo ukiwa umeshapungua kama asilimia 15, kwa hiyo vimistari 11 si "karibu mpya". Tumia kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) na programu ya LeafSpy usome asilimia ya afya na tofauti ya volti kati ya seli. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, gari litakuzimikia kwenye mlima huku skrini ikisema bado asilimia 15.

Na ujue kemia. Betri ya LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti) ijazwe hadi 100 mara moja kwa wiki, la sivyo kompyuta inapoteza hesabu, kwa kuwa volti yake haibadiliki sana kati ya 20 na 80. Ya NMC (ya nikeli, manganizi na kobalti) iishie 80 kwa siku za kawaida, 100 usiku wa kuamkia safari tu.

Mwenda_Pole aliuliza:

Swali la mwisho: kurudi ni hesabu ile ile kinyume?

Hesabu_Kwanza alijibu:

Hapana, kurudi kuna ugumu wake, kwa sababu kipande cha mwisho ni kilomita 250 bila chaja.

Usitoke kule na 100. Mteremko wa mita 800 unarudisha kama uniti 3, na betri iliyojaa haina pa kuziweka, kwa hiyo mota inagoma kupunguza mwendo na breki zinabeba kazi yote. Toka na 95, uniti 57. Vumbi likishaondoa yake na mteremko ukarudisha, unaingia lami na 48 hivi. Kufika B zimebaki 26. Hapo angalia kwenye programu ya chaja kama A imetumika leo. Si taa ya kijani tu, angalia saa ya mwisho mtu alipochaji.

Kama A ni nzima, ongeza B kidogo, uniti 10 zinatosha, kisha A jaza hadi 90 na uende nyumbani kwa 100 kwa saa. Utatumia 46 kati ya 54. Kama A imekufa au ina foleni, kaa B hadi ijae kabisa, hata hizo asilimia 20 za mwisho zikikuchosha. Toka na 60, shika 90: kilomita 310 ni uniti 51. Ukiona upepo unakupiga usoni, shika 80.